Safari ya Mwalimu: Motokari za wazee kando ya bahari ya Havana

Juma hili tunaenda mbali kuliko siku zote, na sababu ni swali la mama mmoja wa kikundi cha ushonaji. Aliona kwenye simu ya mtoto wake motokari ya rangi ya waridi, haina paa, ndefu kama mtumbwi wa wavuvi wa sambaza, inapita pembeni ya bahari, na nyuma yake nyingine ya rangi ya mbingu, na nyingine tena. Akaniuliza: hii ni filamu ya zamani ao ni mambo ya leo? Ni mambo ya leo. Ni Havana, mji mkubwa wa kisiwa cha Kuba, na ile barabara inaitwa Malecón. Basi tuingie, kila mtu ashike nafasi ya dirisha. Tiketi ni bure na viza hatuombi.

Kuba ni kisiwa kirefu na chembamba katika bahari ya Karibi. Watu wake wanasema Kispanyola, kwa kuwa Hispania iliwatawala karibu miaka 400. Marekani iko karibu nao sana: kutoka Havana mpaka Key West, kisiwa cha mwisho cha Florida, ni kilometa 170 hivi. Ni zaidi ya kutoka Bukavu kwenda Uvira. Mshike hiyo kilometa 170, tutaihitaji huko mbele.

Malecón ni barabara ya kilometa karibu 8, na upande mmoja kuna ukuta mnene unaozuia bahari. Walianza kuijenga mwaka wa 1901, wakati askari wa Marekani walikuwa wanatawala kisiwa kisha kufukuza Hispania. Ilijengwa kipande kwa kipande mpaka miaka ya 1950. Inaanzia penye mlango wa bandari, katika mji wa kale, na inaishia penye mto Almendares unapoingia baharini. Huko watu wanaendesha kwa mkono wa kuume kama sisi, na tunaelekea magharibi, kwa hiyo bahari yote iko upande wetu wa kuume. Ukigeuza kichwa kabla ya kuondoka, utaona ng'ambo ya bandari ngome ya Morro, ambayo Wahispania walianza kuijenga mwaka wa 1589, na mnara wa taa wa mwaka wa 1845 ungali unasimama juu yake.

Upande wa kushoto ni nyumba. Hapa mwanzoni ni nyumba ndefu za nguzo, za rangi ya manjano, ya kijani, ya bluu, lakini rangi inabambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua. Nyingine zimeanguka, limebaki tundu kati ya majirani wawili. Ni chumvi inayofanya vile. Wakati wa baridi yao, Desemba mpaka Februari, upepo wa kaskazini unainua mawimbi yanaruka ukuta na kumwagika katikati ya barabara, mpaka polisi wanafunga njia. Maji ya chumvi yanakula saruji, yanakula chuma cha ndani ya saruji, na yanakula motokari. Sisi wa ziwa hatujui adui huyo. Huku kwetu motokari inakufa kwa mawe na mashimo. Kule inakufa kwa kutu kutoka chini, wakati juu ingali inang'aa.

Na jioni, ule ukuta ni sebule ya mji mzima. Wavuvi wenye kamba, wasichana na wachumba wao, wababa wenye gitaa, wamama wenye watoto wanaotafuta hewa kwa kuwa ndani ya nyumba umeme umekatika. Kwa jambo la umeme hatuna la kuwafundisha wala wao hawana la kutufundisha.

Sasa tuangalie motokari. Ninajua kwamba wengi wetu tunatambua motokari kwa rangi tu, "ile nyekundu ya shemeji." Lakini wanafunzi wangu wa darasa la sita walijifunza kutambua hizi katika nusu saa, kwa hiyo wamama watafaulu pia. Kanuni ni moja: angalia mkia kwanza, kisha uso, kisha ubavu.

Mkia. Motokari za Marekani za miaka ya 1950 zina mapezi kama ya samaki, mawili, moja kila upande juu ya taa za nyuma. Hayana kazi yoyote. Mtu aliyeyaleta ni Harley Earl, mkubwa wa wachoraji wa kampuni General Motors. Yeye na vijana wake waliona ndege ya vita inayoitwa P-38, yenye mikia miwili, wakaipenda, na mwaka wa 1948 Cadillac ikatoka na vipezi vidogo. Watu wakanunua. Basi kila mwaka wakaongeza urefu, na kampuni nyingine zikafuata ili zisibaki nyuma, sawa na sisi na mikono ya nguo za sikukuu: huyu akishona puto dogo, mwaka unaofuata yule anashona puto linaloziba mlango. Mwaka wa 1959 mapezi ya Cadillac yalifika mwisho wa urefu, na kila pezi lina taa mbili nyekundu zenye ncha kama risasi. Ukiona hiyo Malecón, usiulize mwaka. Ni 1959. Na ukiona mapezi yaliyolala, yamefunguka kushoto na kuume kama mabawa ya popo, hiyo ni Chevrolet ya mwaka uleule.

Uso. Ile ambayo mtaiona zaidi ni Chevrolet Bel Air, ya 1955, 1956 na 1957. Ya 1955 ina kinywa kidogo cha vyumba vyumba kama kikapu cha mayai. Ya 1956 kinywa kimepanuka kutoka taa mpaka taa. Ya 1957 ndiyo yenye mapezi yaliyonyooka na yenye ncha, na ndiyo inayochapwa kwenye kalenda na fulana. Kuna siri ambayo watoto waliifurahia kuliko yote: mahali pa kutia esanse. Katika ya 1956, kifuniko kimefichwa nyuma ya taa ya nyuma ya kushoto. Unazungusha taa, na mdomo wa tangi unaonekana. Katika ya 1957 wameuficha ndani ya pezi la kushoto, nyuma ya urembo wa chuma kinachong'aa. Mtu asiyejua anaweza kuzunguka motokari mpaka jua litue.

Ubavu. Kama kuna matundu ya duara matatu ao manne pembeni, karibu na magurudumu ya mbele, hiyo ni Buick. Waliyaanza mwaka wa 1949, na matundu manne yalikuwa ya wenye feza zaidi. Juu ya kapo ya moteri pia kuna alama. Pontiac ina kichwa cha chifu wa wenyeji wa Amerika. Plymouth ina merikebu. Dodge ina kondoo dume. Na siku ukiona motokari yenye kinywa kilichosimama wima kama kola ya farasi, piga makofi, kwa kuwa ni Edsel. Kampuni Ford iliipa jina la mtoto wa mwenye kampuni, ikaitoa kwa kelele nyingi kwa mwaka wa 1958, watu wakaikataa, na mwisho wa 1959 wakaacha kuitengeneza. Kwao ni mfano wa hasara. Havana ni motokari tu, inabeba watu.

Katikati ya hizo kubwa zinapita ndogo za pembe nne, kama sanduku la viatu. Ni Lada na Moskvich, kutoka Umoja wa Kisovieti, na kale kadogo kabisa ni Fiat iliyotengenezwa Poland. Watalii hawazipigi picha. Mimi naona ni makosa, kwa sababu bila hizo ndogo huwezi kuelewa kwa nini zile kubwa ziko bado.

Tumefika kartye inayoitwa Vedado. Kwenye kilima, kushoto, jumba lenye minara miwili ni Hotel Nacional, iliyofunguliwa Desemba 1930. Mbele ya miaka ya 1959 matajiri wa Marekani walikuwa wanakuja hapa kucheza kamari na kunywa, na motokari zao zinapanda meli pamoja nao. Kilometa 170, mnakumbuka? Motokari mpya ikitoka kiwandani, punde inafika Havana. Kisha, tarehe 1 Januari 1959, rais Batista alikimbia, na watu wa Fidel Castro wakachukua utawala. Wakachukua pia mashamba na viwanda vya Wamarekani. Oktoba 1960 Marekani ikakataza karibu biashara yote ya kuuza vitu Kuba, isipokuwa chakula na dawa, na Februari 1962 rais Kennedy akafunga mlango wote. Tangu siku ile, kwa miaka mingi, Marekani haikuwauzia tena motokari mpya, na zaidi tena, haikuwauzia piesi. Wala skrubu.

Zilizokuwa kisiwani zikabaki. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni motokari 60,000 za wakati ule zinazotembea bado. Si kwa mapenzi ya mambo ya kale. Ni kwa kukosa nyingine. Kwa miaka mingi sheria ya Kuba ilisema raia anaweza kuuza na kununua kwa uhuru motokari iliyoingia mbele ya mapinduzi tu. Zile Lada, serikali iliwapa ruhusa ya kuzinunua madaktari, wafanyakazi waliofanya vizuri, watu wa namna hiyo, lakini mwenye kuipata hakuwa na haki ya kuiuza. Sheria ilifunguka mwaka wa 2011. Mwaka wa 2014 serikali ikaanza kuuza mpya kwa kila mtu, na watu wakaenda kwenye duka kuangalia bei: Peugeot 508 moja, dola 262,000. Wakati huo mshahara wa serikali ulikuwa kama dola 20 kwa mwezi. Niliwapa wanafunzi hesabu hiyo ubaoni. Wakapata miaka zaidi ya 1,000 ya kazi bila kula. Mmoja akaandika chini ya jibu: "Afazali kutengeneza ya babu."

Na ndivyo walivyofanya. Lakini hapa lazima niwaambie jambo ambalo picha haisemi. Fumba macho na usikilize ile Chevrolet nzuri inavyopita. Inapaswa kuunguruma kwa sauti nzito na laini. Badala yake inagonga kama kamioni ya kubeba mchanga. Ni kwa sababu ndani hamna tena moteri ya Chevrolet. Iliondolewa zamani, na mahali pake wameweka moteri ya mazuti ya Toyota, ao Hyundai, ao Peugeot, ao iliyotoka kwenye mashini ya kazi ya Kirusi. Moteri ya kwanza ilikuwa inakunywa esanse kama ngamia, na esanse kule ni haba na ni ghali. Mazuti yanakwenda mbali zaidi. Gia ni za motokari nyingine, freni za nyingine, usukani wa nyingine tena. Nyingi za zile zisizo na paa hazikuzaliwa hivyo: zilikuwa na paa, fundi akalikata kwa sababu watalii wanapenda upepo.

Mtaalamu wa Ulaya atasema hiyo si motokari ya kale ya kweli. Mimi siungi mkono. Fundi wa Havana anapokosa kitu, anachukua chuma, anakipasha moto, anakifua, anakisugua mpaka kinaingia. Anatengeneza mwenyewe kile ambacho mwenzake wa Marekani anaagiza kwa simu. Sisi tunamjua mtu huyo. Ni ndugu wa yule anayeyeyusha aluminium ya moteri iliyokufa na kumimina katika mchanga ili tupate sufuria, na ndugu wa yule wa Goma anayechonga chukudu ya mti, inabeba magunia ya viazi kutoka mlimani. Hakuna anayemwambia mwenye chukudu kwamba si ya kweli.

Lakini nisiwadanganye kwa uzuri. Motokari hizi zinatoa moshi mweusi. Nyingi hazina mikanda ya usalama, hasa nyuma, kwa sababu wakati zilipotengenezwa mikanda haikuwa ya lazima. Usukani wa zamani hausogei wakati wa ajali, unakuja kifuani. Mama wa Havana anayeweka mtoto magotini ndani ya Plymouth ya 1952 anajua hayo kama vile sisi tunajua tunapopanda watatu kwenye pikipiki. Anapanda kwa sababu kesho ni shule.

Wenyeji wanaziita almendrón, yaani lozi kubwa, kwa ule mviringo wa mgongo wake. Na kwao almendrón ni taksi ya watu wote. Inafuata mstari wake uleule kila siku, kama taksi zetu, inajaza watu watano, sita, zaidi, unapiga ishara ya mkono ukiwa pembeni, unalipa kiti chako tu. Zile zenye rangi ya waridi zilizopanguswa ni kazi nyingine: zinangoja watalii karibu na Capitolio, na saa moja ya kuzungushwa Malecón inalipwa kwa makumi ya dola. Basi fikiri nami, wamama mlioolewa na walimu, na ninyi walimu wenzangu. Saa moja ya motokari ya babu inaleta zaidi ya mwezi mzima wa darasani. Kwa hiyo utakuta kwenye usukani mtu aliyesoma uinjinia, ao daktari wa meno, ao mwalimu wa hesabu. Anavaa kofia ya majani na kutabasamu. Siwezi kumhukumu. Shuleni kwetu, wenzangu wawili wanaendesha pikipiki kisha masomo, na mzazi anapochelewa kutoa feza ya mwezi, wanaanza kuendesha mbele ya masomo pia.

Ngoja niweke hapa neno dogo juu ya sisi na wao, kabla barabara haijaisha. Watu wa Kongo walifika Kuba zamani sana, wamefungwa minyororo, kulima miwa. Utumwa kule uliisha mwaka wa 1886 tu. Muziki wao ulirudi kwetu juu ya sahani za santuri, na rumba ya Kongo iliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia Desemba 2021. Ile ya Kuba ilikuwa imeandikwa mwaka wa 2016. Na mwaka wa 1965 Che Guevara mwenyewe alivuka ziwa Tanganyika usiku kutoka Kigoma, akakaa miezi saba katika milima ya Fizi. Wakuba waliokuja naye walipewa majina ya hesabu ya Kiswahili, na yeye akaitwa Tatu. Wazee wa upande ule wanalijua jina. Sitasema kama alifanya vizuri ao vibaya. Alienda bila kufanikiwa, na waliobaki kuzika watu ni wamama wa Fizi.

Tumefika mto Almendares. Barabara inaingia chini ya mto katika tuneli na kutokea Miramar, kartye ya nyumba kubwa na balozi. Tusimame hapa, kwa sababu jambo nililotaka kusema zaidi halionekani kutoka dirishani. Ni karatasi.

Nimesema mwenye Lada hakuwa na haki ya kuiuza. Lakini watu wana shida: mgonjwa, arusi, safari. Basi walikuwa wanauza kwa neno la kinywa. Mnunuzi anatoa feza, anachukua ufunguo, na karatasi inabaki na jina la yule wa kwanza. Miaka 10, miaka 20. Siku yule wa kwanza akifa, ao akihamia Miami, mwenye motokari hana kitu mkononi. Alilipa, alitengeneza, alipaka rangi mara nne, na kwa sheria motokari si yake. Sheria ya 2011 ilikuja pia kufungua fundo hilo, na kuruhusu mtu anayehama awaachie jamaa yake motokari.

Niliposoma hayo nilifikiri mara moja juu ya mama mmoja wa kwetu. Ameniruhusu kuandika, bila jina. Bwana wake alikuwa na Peugeot 504 ya kubeba mizigo, ya zamani, imefungwa waya huku na huku, lakini kila juma inaleta mihogo na mchele kutoka bonde la Ruzizi. Kwa hiyo watoto walisoma. Waliinunua pamoja: nusu ya feza ilikuwa likelemba ya mama, mara mbili mfululizo, na wenzake katika kikundi wanakumbuka. Mkubwa wa bwana ndiye aliyeenda kuichukua Bujumbura, na kwa haraka ya mpaka karte roze ikaandikwa jina lake. Tutabadilisha, walisema. Hawakubadilisha. Bwana akafa mwezi wa tatu. Siku ya nne kisha mazishi, mashemeji walikuja, wakanywa chai, wakaomba ufunguo.

Wamama wengi wanadhani sheria ya Kongo inawapa mashemeji haki hiyo. Hapana. Sheria ya jamaa, Code de la famille, ni ya tarehe 1 Agosti 1987, na ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Kama mliandikisha ndoa kwa serikali na hamkuchagua namna nyingine ya mali, basi kile mlichopata wakati wa ndoa ni cha wote wawili. Bwana akifa, nusu ya mke si urithi hata kidogo, ilikuwa yake. Urithi ni ile nusu ya marehemu. Na hiyo nusu inagawanywa hivi: robo tatu ni ya watoto, pamoja na wale aliowazaa inje na kuwatambua akiwa hai. Robo inayobaki ndiyo inayogawanywa kati ya mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Kwa hiyo mashemeji wana kipande, ndiyo, lakini ni kipande cha robo ya nusu. Kama ile 504 ina bei ya dola 2,400, nusu ya mama ni 1,200. Watoto 900. Zinabaki 300, na hizo wanazigawanya makundi matatu: mjane 100, wazazi 100, ndugu wote pamoja 100. Dola 100, si ufunguo.

Hiyo yote ni kama jina la bwana ao la mke liko kwenye karatasi. Kwa yule mama, jina lilikuwa la shemeji. Kwa hakimu, alikuwa anamwomba shemeji motokari ya shemeji. Kilichomsaidia kidogo ni daftari la likelemba, lile la kurasa za mistari ambalo mwandishi wa kikundi aliandika tarehe, kiasi, na neno "kwa kununua motokari." Wanawake sita wakasimama kusema waliona. Kesi ingali inaendelea. Peugeot iko kwenye ua wa shemeji, haitembei, na wakati wa mvua kuku wanalala chini yake.

Kwa hiyo mbele ya kikao kijacho, kila mwenye motokari, pikipiki ao kiwanja nyumbani kwake atafute ile karatasi na kuangalia jina gani limeandikwa. Kama ndoa yenu haijaandikwa kwa serikali, tuseme hiyo pia. Kuna wamama wawili wa chama wanaojua njia ya biro na karatasi zinazoombwa. Asiyesoma Kifaransa alete karatasi yake, nitaisoma naye pembeni, mbele ya kuhesabu likelemba. Na waandishi wa vikundi, ninawaomba: msiandike tena "Mama fulani, dola 50" peke yake. Andikeni na kazi ya ile feza.

Juma lijalo tutapanda gari la moshi kutoka Lubumbashi. Watoto wameanza kuchora ramani.